Kulala Dago Kimbiji

Kabla ya kwenda popote tulilala uani kwetu. Shauri hilo alilitoa rafiki yangu, mwalimu wa shule ya msingi ambaye ujana wake aliupitia kwenye uskauti. Alisema kama hema lina tundu, au zipu inakwama, au mtoto anaogopa giza, ni heri kuyajua hayo ukiwa hatua kumi kutoka mlangoni pako. Basi Ijumaa moja ya mwezi wa nane nikasimamisha hema la mtumba katikati ya uwanja wa nyumba tunayopanga Mbagala, baina ya mwarobaini na kamba za kuanikia nguo. Nikaingia na mpwa wangu wa miaka 12, mkeka mmoja, mashuka mawili na tochi.

Saa mbili usiku ikapigwa hodi. Alikuwa jirani yetu, mama mtu mzima, mwenyeji wa Kilwa, ambaye nyumba nzima tunamwita Shangazi. Ameshika bakuli la uji wa mchele, kalifunika kwa sahani. Hakuuliza kwa nini tumelala nje. Aliinama mlangoni mwa hema akasema kwa sauti ya chini ili wapangaji wengine wasisikie: "Mwanangu, kuna nini? Kama ni kodi, sema tusaidiane."

Nikatoka, nikamwamkia, nikamweleza kwamba hakuna lililoharibika. Tunajifunza tu, mwezi ujao tunakwenda Kimbiji kulala ufukweni. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalitazama hema kwa muda. Kisha akasema yeye hema analijua vizuri. Tarehe 29 Aprili 2009, siku mabomu ya ghala la jeshi yalipolipuka Mbagala, nyumba aliyokuwa akiishi ilibaki kuta mbili. Walipewa hema, akakaa humo na watoto. "Mchana ni tanuri," alisema. "Usiku unasikia kikohozi cha mtu wa hema la pili kama yuko ubavuni kwako. Mtu akinitajia hema, mimi nasikia kishindo."

Maneno hayo nililala nayo usiku ule, na safari nzima nilitembea nayo. Kwa mtu wa Dar es Salaam hema lina sura mbili, na zote mbili si za kwake. Sura ya kwanza ni ya balaa. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, waliotolewa Jangwani na mabonde mengine ya Mto Msimbazi walipelekwa Mabwepande, pembezoni mwa Kinondoni, wakaanza maisha mapya chini ya mahema. Hata turubai tunalolifunga uani tunalifunga kwa msiba mara nyingi kuliko kwa harusi. Sura ya pili ni ya watalii: hema lenye kitanda cha mninga na taa ya mezani huko Serengeti, ambalo usiku mmoja tu unamaliza mshahara wa mwalimu. Katikati ya sura hizo mbili nilitaka kujua kama iko nafasi ya mtu wa kawaida, mwenye nauli ya daladala na siku mbili za mapumziko.

Hema nililinunua kwenye mitumba ya Ilala. Muuzaji alianzia 80,000, tukapatana shilingi 45,000. Lilikuwa na tundu karibu na dirisha, ukubwa wa sarafu, na fundi cherehani wa mtaani akaliziba kwa kipande cha mwavuli mbovu. Mwavuli ni kitambaa kizuri kwa kazi hiyo, haupitishi maji. Wavu wa mlango ulikuwa umechanika, tukachukua chandarua cha nyumbani, maana ukanda huu wetu una malaria, na mji wetu umeshapitiwa na homa ya dengi. Nikanunua turubai la kutandika chini na kamba ya manila. Vingine vyote vilitoka jikoni: sufuria mbili, mwiko, kisu, dumu la maji la lita 10, unga, chumvi, ndimu na kiberiti ndani ya chupa ya plastiki yenye kifuniko. Mto wa kulalia ulikuwa nguo za kesho yake zilizokunjwa ndani ya kanga. Nilitaka kununua godoro la kupuliza na viti vya kukunja, mwalimu akanikataza. "Nunua kitu ukishakikosa mara mbili," alisema. Nimeyashika maneno yake, na mpaka leo sijanunua kiti.

Tulichagua mwisho wa mwezi wa tisa, kusi likiwa limepoa na mvua za vuli hazijaanza. Masika sithubutu, mwenye hema jipya akianzia na mvua za Aprili hatarudia tena.

Watu wengi wakisikia Kigamboni wanawaza kivuko cha Magogoni. Sisi wa Mbagala tunazunguka kwa nyuma: Rangi Tatu, Kongowe, Kibada, halafu unashika njia ya Mwasonga kuelekea Kimbiji. Nilipokuwa mtoto huku kote kulikuwa Temeke tu, kabla Kigamboni haijakatwa kuwa wilaya yake. Ulikuwa upande wa kwenda kununua mihogo na nazi kwa gunia. Tangu Daraja la Nyerere lilipofunguliwa mwaka 2016, mita 680 zikaunganisha Kurasini na ng'ambo, ardhi imepanda bei na njia imebadilika sura. Mikorosho bado ipo, iliyopinda migongo na kugusa mchanga kwa viwiko, lakini kila baada ya mikorosho mitatu kuna kibao: kiwanja kinauzwa, kimepimwa, hati ipo. Penye shamba la mihogo kuna kuta nne za matofali zisizo na paa, na ndani yake mwembe uliozungukwa umekuwa wa mtu mmoja. Mpwa wangu, aliyekaa dirishani, alihesabu vibao mpaka 61 akachoka.

Konda alituuliza tunakwenda msiba wa nani. Tulikuwa na turubai, sufuria na mkeka. Aliuliza kwa nia njema kabisa, na tulipomjibu akacheka kwa furaha, akamwambia dereva atushushe karibu na njia ya pwani.

Mwalimu alikuwa ametufundisha jambo moja ambalo hakulijifunza kwenye uskauti, alilijifunza kwa bibi yake: ukifika kijiji cha watu, kabla hujashusha mzigo, piga hodi. Tukaenda kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa. Alikuwa anakula. Akatunawisha mikono na kutusogezea sinia ndipo akauliza majina yetu. Akaandika kwenye daftari majina, tunakotoka, namba ya simu na siku tutakazolala. Akasema fukwe nyingine hapa zina wenyewe, kuna za kulipia, na nyingine ni njia ya wavuvi. Kisha akamwita kijana atupeleke kwa mzee mmoja wa baharini, "maana hao ndio wanaolala nje kila siku, watawaonyesha."

Nimefikiri sana juu ya daftari lile. Anayeanza kulala nje huhangaika na nyoka, wezi na mvua. Yote hayo yapo. Lakini kinga ya kwanza tuliyoipata ilikuwa mtu mmoja mwenye kalamu aliyejua majina yetu, na genge la mama lishe lililo hatua mia mbili, ambako tulionyeshwa choo na bomba. Mtu wa mjini akisema anakwenda kupumzika anataka mahali pasipo na watu. Usiku wa kwanza unahitaji mahali penye watu.

Pwani ya Kimbiji haifanani na ya mjini. Huku bahari ya Hindi imeelekea moja kwa moja, hakuna kisiwa cha kuikinga. Unaisikia kabla hujaiona, mlio mmoja mrefu unaopasuka mbali kwenye miamba. Nyuma ya mchanga kuna mivinje, na chini ya mivinje ule utandiko laini wa majani yake makavu, rangi ya kahawia, kama zulia lililokwisha kutandikwa na mtu aliyejua mnakuja. Sisi hatukuuona. Tuliona mchanga mweupe ulio tambarare karibu na maji, tukafurahi, tukasimamisha hema pale.

Mzee alikuja anatembea polepole, mikono nyuma. Shikamoo, marahaba, habari za safari, za nyumbani, za wazee. Salamu zilipokwisha akalizunguka hema mara moja. "Mmelala juu ya njia ya maji," akasema.

Akatupeleka kutuonyesha. Ufukweni kulikuwa na mistari miwili ya takataka za bahari. Wa kwanza ulikuwa karibu na maji, mwani mbichi unaong'aa; huo umeachwa na maji ya mchana. Wa pili ulikuwa juu sana, karibu na mizizi ya mivinje: mwani mkavu uliogeuka mweusi, makumbi ya nazi, ndala moja ya mtoto. "Huu wa juu ni wa bamvua," alisema. "Na leo mwezi umejaa. Maji yatakuja saa kumi alfajiri kuchukua ndala yake." Bahari ya Dar es Salaam kati ya kupwa na kujaa hupanda zaidi ya mita 3 siku za bamvua, nilikuwa nimesoma hivyo mahali. Lakini namba ile sikuijua maana yake mpaka nilipolipima hema letu kwa macho, na ule mstari mweusi ukiwa juu yake kwa kimo cha mtoto. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, pengine tungesalimika pale pale.

Tukahamia chini ya mivinje. Hapo upepo ukatukuta. Vile vigingi vya chuma vilivyokuja na hema vilikuwa vyembamba kama sindano za kushonea magunia, na kila upepo ulipovuta, kimoja kiliruka. Mzee akavikusanya vyote, akanipa mkononi. "Hivi ni vya udongo. Vitunze." Akauliza kama tuna viroba vitupu. Tulikuwa nacho kimoja cha mkaa; vingine vitatu akavitoa kwenye banda lao. Akavijaza mchanga nusu, akafunga midomo, akaifunga kamba ya hema kiunoni mwa kila kiroba. Akachimba shimo kwa mikono hadi kwenye kiwiko, akakilaza kiroba kwa ubavu, kamba ikitazama hema, akafukia, akashindilia kwa kisigino. Alipomaliza cha kwanza akamwambia mpwa wangu avute. Mtoto akavuta kwa uzito wake wote, akajitupa nyuma, kamba ikalia kama uzi wa zeze, kiroba hakikusogea. "Mchanga unashikwa na mchanga," mzee akasema. Vitatu vilivyobaki mpwa wangu alivizika mwenyewe, na kila kimoja alikijaribu.

Banda lao lilikuwa umbali wa kutupa jiwe, makuti juu ya nguzo za mikoko, pande mbili wazi. Walikuwa sita. Wawili wametoka Mafia, mmoja Unguja, wengine Mkuranga na Kilwa. Nilipouliza kama wanaishi hapa, kijana wa Mafia akajibu kwa mshangao kidogo, "Hapana, tupo dago."

Neno hilo nilikuwa nalo tangu shuleni, limelala kichwani bila kazi. Dago ni kambi ya wavuvi walio mbali na kwao. Mvuvi akifuata samaki kwenye pwani ya wengine, akajenga kibanda cha makuti, akakaa wiki au miezi, huyo ameenda dago. Watu wa Mafia, wa Songosongo, wa Unguja na Pemba na wa Mrima wote wamelala dago kwa karne na karne, baba na mwana. Bara nako hali ni hiyo: Wanyamwezi waliobeba mizigo kutoka Tabora hadi Bagamoyo walipiga kambi kila jua lilipoinama, wakakata miiba kuzungushia boma, wakawasha moto, wakapika. Hema la turubai lilikuwa la mwenye msafara, wapagazi walijijengea vibanda vya nyasi. Hakuna kitu cha kigeni katika kulala nje. Tulichopoteza sisi wa nyumba za kupanga ni mazoea tu, na jina lake.

Chakula cha dago ni kimoja na sikuwahi kula kitamu kama hicho. Mdogo wao ndiye mpishi. Akawasha moto kwenye mafiga matatu ya mawe ya matumbawe, akachemsha maji kidogo kwenye sufuria nyeusi, akatia kitunguu, chumvi na pilipili mbichi iliyopasuliwa. Changu wawili, waliotoka majini jioni ile, akawakata vipande vitatu vitatu akawalaza ndani, akafunika. Hakutia mafuta, nazi wala nyanya. Povu lilipopanda akalitoa kwa mwiko, akakamulia ndimu zetu mbili, akatia na maganda yake, akaepua. Ndiyo chukuchuku. Tukala kwa ugali, sinia moja, mzee akapewa vichwa vya samaki, na kimoja akampa mpwa wangu, aliyekipokea kwa mikono miwili bila kujua aanzie wapi. Nyumbani samaki akifika sahanini ameshakaangwa mpaka hajulikani ni wa bahari au wa ziwa. Yule wa Kimbiji alikuwa na ladha ya mahali.

Baada ya kula wakazungumza, na sisi tukasikiliza zaidi. Walisema miaka ya uvuvi wa baruti samaki waliruka juu wakiwa wamekufa na miamba ikavunjika, na kwamba mwamba uliolipuliwa mtu haishi akauona umepona. Walizungumza juu ya kasa, wanaopanda pwani hii usiku kutaga. Hapo mzee akamgeukia mpwa wangu, aliyekuwa akimulika mawimbi kwa tochi, akamwomba aizime. Kasa akiona mwanga ufukweni anarudi na mayai yake, na vifaranga wanaototolewa hufuata mwanga wakidhani ndio bahari. Tochi ikazimwa. Kwanza giza lilikuwa ukuta. Baada ya muda macho yakauzoea mwanga wa mwezi, na tukaona kila kitu: mivinje, nyavu, nyuso, na mistari miwili ya mwani. Mtoto aliyezaliwa Mbagala, ambako taa za barabarani na za maduka haziachi usiku uwe usiku, alinyoosha mkono wake akautazama kivuli chake mchangani. Akaniuliza, "Mjomba, hiki ni cha mwezi?"

Wakati wa kulala nilichukua mchanga kufukia makaa yetu. Mzee akanizuia mkono. Moto wa ufukweni unazimwa kwa maji, hauzikwi. Makaa yaliyozikwa hukaa na joto mpaka mchana wa kesho, juu yake mchanga unaonekana mchanga tu, na watoto wa hapa wanatembea peku. Tukateka maji ya bahari ndoo mbili, tukamwaga, nikagusa kwa kiganja mpaka nikahakikisha.

Saa kumi alfajiri niliamshwa na ukimya. Mlio wa miamba ulikuwa umetoweka, maana maji yalikuwa yameshaifunika. Mahali pake palikuwa na sauti ya karibu sana, kama mtu anafagia uwanja. Nikafungua zipu. Bahari ilikuwa hatua kumi na tano kutoka miguuni petu, imejaa mwezi, inapanda na kushuka taratibu. Pale tulipokuwa tumesimamisha hema mchana hapakuwa na pwani kabisa. Sikumwamsha mtoto mara moja. Nilikaa peke yangu kidogo, shuka mabegani, umande umelowesha turubai, baridi ya kweli kwa mtu wa Dar. Kisha nikamwamsha, tukaitazama pamoja mpaka ilipoanza kurudi.

Asubuhi saa nne maji yalikuwa yamekwenda mbali mno, na wanawake walikuwa kwenye miamba, kanga zimefungwa juu ya magoti, vyuma mkononi, wanachokoa pweza. Tulitembea kando ya maji kuelekea kusini. Kila baada ya muda tulikuta ukuta. Mwingine uliishia juu kabisa ya mchanga, mwingine ulikuwa umeshuka mpaka bahari inaupiga, na mama mmoja mwenye ndoo ya pweza alituonyesha mahali palipokuwa na njia ya kijiji kuja pwani; sasa anazunguka mashamba mawili. Hakulalamika, alikuwa anatueleza njia.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Niliisoma zamani kama mtu anavyosoma sheria, kwa maana ya makatazo. Pale, mbele ya ukuta uliolowa, niliona kwamba katika mita zile 60 zilizokatazwa saruji, dago linaingia bila taabu. Makuti, viroba, mafiga. Kundi la wavuvi hukaa miezi mitatu, siku ya kuondoka wanang'oa nguzo, na bamvua mbili zikipita huwezi kujua walilala wapi. Nina hofu ya kweli kwamba mtoto huyu akifika umri wangu hatapata mahali pa kuzika kiroba chake, kutoka Kigamboni mpaka Pemba Mnazi.

Tulilala usiku wa pili, na huo sina mengi ya kuusimulia, tulilala tu. Hilo ndilo lililonifurahisha.

Kurudi tulipitia njia ya pwani, Gezaulole. Ni jina la Kizaramo, maana yake jaribu uone, na kijiji hicho kilikuwa cha ujamaa miaka ya mwanzo ya sabini, watu wakapelekwa kuanza maisha ya shamba. Tulikunywa madafu pale kando ya barabara, mzigo umelazwa chini ya mnazi, na mwuzaji aliposikia tulikotoka akaliangalia hema lililokunjwa akauliza bei. Nilipomtajia akasema, "Tu?" Mwanawe alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kiti akisikiliza. Wakati tunaondoka mwanawe huyo aliniomba nimwonyeshe hema linavyokunjwa, nikaufungua tena mzigo wote barabarani nikamwonyesha.

Mwezi wa kumi tulikwenda upande wa pili wa mji, Kinondoni, tukavuka kwa boti kutoka Kunduchi kwenda kisiwa cha Mbudya. Mbudya ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini. Pana mibuyu, maji ya kijani na mabanda ya makuti. Unalipa kiingilio, mwenyeji analipa chini ya mgeni wa nje, na wapo askari wa hifadhi. Kwa familia yenye watoto wadogo ningeanzia huko, kwa sababu mambo yamepangwa na maji ya bamvua yana watu wa kukuonya. Tulifurahi. Ila jioni, boti za matembezi zilipoondoka, mpwa wangu alizunguka hema letu mikono nyuma, akaenda kutafuta mistari ya maji, akarudi kuniambia tuko salama.

Lakini nimeruka jambo. Jumapili ile ya Kimbiji, wavuvi walitupa ng'onda wa kupeleka nyumbani, samaki waliopasuliwa na kukaushwa kwa chumvi na jua, wamefungwa kwenye gazeti. Tuliingia Mbagala usiku. Kesho yake alfajiri nikalitundika hema kwenye kamba ya nguo likauke umande, nikapukuta mchanga, nikawapelekea majirani samaki.

Shangazi alimpokea wake, akamnusa, hakusema kitu. Baadaye nikiwa nanawa uso nikamwona uani peke yake, mbele ya hema. Kaishika pembe ya kitambaa, kaileta puani. Ilikuwa na moshi wa mivinje na chumvi.

"Mlilala kwa nani huko?" akaniuliza.

"Kwa wavuvi, Shangazi. Walikuwa dago."

Akalirudia neno mara mbili, polepole. Kisha akaniambia baba yake alikuwa mtu wa dago, kule Kilwa, kila kaskazi likianza. Mama yao alimfungia mkeka, unga na mtungi, wao watoto wakamsindikiza mpaka kwenye jahazi, na hawakumwona tena mpaka miezi imepita. Walijua amerudi kabla hajafika mlangoni, hata kama ni usiku.

"Kwa harufu hii hii," alisema, na pembe ya hema bado ilikuwa mkononi mwake.